Mara ngapi? Kwanza uliza ni kwa muda gani

Tuseme jirani anakugongea mlango usiku wa manane na kukuambia, huku akihema, kwamba amehesabu na kuona mtoto wake anapumua mara kumi na mbili. Je, utamwambia arudi akalale au utaanza kumtafutia gari la kwenda hospitali?

Ukweli ni kwamba huwezi kumjibu. Mara kumi na mbili kwa muda gani? Ikiwa ni kwa robo dakika, hizo ni pumzi 48 kwa dakika nzima, na kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu hiyo ni dalili ya kutia hofu. Ikiwa ni kwa nusu dakika, basi ni pumzi 24 tu, na huenda mtoto mwenyewe amelala fofofo bila habari. Nambari ni ileile. Kilichobadilika ni muda.

Nambari za aina hii zimejaa majumbani mwetu. Zipo kwenye redio, zipo kwenye kibandiko kilicho nyuma ya friji, zipo kwenye bahasha ndogo ya dawa unayopewa pale dirishani. Zote hueleza jambo moja: kitu fulani hujirudia mara ngapi katika muda fulani. Ila kila mtu na muda wake. Fundi wa redio huhesabu kwa sekunde, fundi wa mota kwa dakika, muuguzi kwa dakika, naye mwuza dawa huhesabu kwa siku. Taabu huanza pale nambari inapotolewa kwa mmoja na kupelekwa kwa mwingine bila kubadilishwa, au pale inapobadilishwa kwa haraka haraka. Kwenye redio utapoteza taarifa ya habari tu. Kwenye dawa na kwenye kifua cha mtoto, unaweza kupoteza mtu.

Bembea

Hebu tuanze na lililo jepesi. Mtazame mtoto aliye kwenye bembea. Anaenda mbele, kisha anarudi nyuma mpaka pale alipoanzia. Huo ndio mzunguko mmoja: kwenda na kurudi. Kwenda peke yake ni nusu. Tafadhali liweke hilo akilini kwa sababu tutalihitaji baadaye.

Bembea yenye kamba ya urefu wa mita mbili huchukua karibu sekunde tatu kwenda na kurudi. Kwa hivyo, kwa dakika moja itakuwa imekamilisha kama mizunguko 20. Sasa, wanasayansi wana jina lao la mzunguko mmoja kwa sekunde. Huuita hezi moja. Bembea yetu basi ina theluthi moja tu ya hezi.

Jina hilo linatokana na Heinrich Hertz, Mjerumani aliyezaliwa mjini Hamburg mwaka 1857. Akiwa Karlsruhe, kati ya mwaka 1886 na 1888, alifanya majaribio yaliyothibitisha kwamba mawimbi ya aina hii tunayotumia redioni yapo kweli na yanaweza kurushwa kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine. Alifariki siku ya kwanza ya mwaka 1894 akiwa na miaka 36 pekee, kabla ulimwengu haujasikia hata wimbo mmoja kupitia redio. Kwa miaka mingi baada yake watu waliendelea kusema "mizunguko kwa sekunde". Ndiyo sababu ukiipata redio kuukuu ya babu, utaona herufi KC na MC mahali ambapo redio ya leo ina kHz na MHz. Jina la hezi lilianza kukubaliwa na wahandisi mwaka 1930, na mwaka 1960 likaidhinishwa rasmi kimataifa.

Hesabu yake haina uchawi. Dakika moja ina sekunde 60. Kwa hivyo, ukiwa na hezi na unataka kujua ni mara ngapi kwa dakika, zidisha kwa 60. Ukiwa na mara kwa dakika na unataka hezi, gawanya kwa 60. Moyo wa mtu mzima unaopiga mara 72 kwa dakika una hezi 1.2. Kilohezi ni hezi elfu moja, na megahezi ni hezi milioni moja. Basi.

Mita na kilohezi

Wasomaji waliokula chumvi kidogo watakumbuka jioni za redio ya betri. Mzee wa nyumba alikizungusha kitufe taratibu, kijiti chekundu kikitembea juu ya kioo, huku kila mtu akiwa ameambiwa anyamaze. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilisikika kwa masafa mafupi, na mtangazaji angetaja mita, kisha akataja kilohezi. Wengi walidhani hizo ni stesheni mbili tofauti.

Kumbe ni stesheni moja iliyotajwa kwa njia mbili. Mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa kila sekunde. Tuseme kila wimbi lina urefu wa mita 25. Ni mawimbi mangapi yatatoshea katika safari ya sekunde moja? Ni milioni 12, yaani kilohezi 12,000. Kwa hivyo kanuni ya nyumbani ni hii: chukua 300,000, igawanye kwa mita, utapata kilohezi. Au igawanye kwa kilohezi, utapata mita. Mita 31 zitakupeleka karibu na kilohezi 9,700. Mita 49 zitakupeleka karibu na kilohezi 6,100. Stesheni ya FM iliyo kwenye megahezi 100 ina wimbi la mita tatu, urefu wa chumba kidogo cha kupanga.

Umeona jambo? Mita zikiongezeka, kilohezi hupungua. Hapo ndipo wengi walipotea, wakipeleka kijiti upande usiofaa na kuilaumu betri.

Na hapa Kiswahili chetu chenyewe kina mchezo. Tunasema "masafa mafupi" na mtu anadhani ni matangazo yasiyofika mbali. La hasha! Ufupi ni wa wimbi, si wa safari. Mawimbi hayo mafupi hugonga tabaka la juu angani na kurudishwa ardhini, na ndiyo yaliyovuka bahari na mabara kutoka Ulaya hadi kwenye meza ya mzee kule kijijini. FM, ambayo wimbi lake ni fupi zaidi, hupenya na kupotelea angani, na ndiyo maana stesheni za FM huhitaji mtambo mwingine kila baada ya milima michache.

Stima ya ugenini

Tuingie jikoni. Stima ya Kenya ni ya volti 240 na hujirudia mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Nchini Marekani ni hezi 60. Ndugu yako akirudi kutoka huko na mizigo yake, kila mtu hukumbuka suala la volti. Watanunua kile kisanduku kizito cha kupunguza umeme na kudhani shughuli imekwisha. Lakini kisanduku hicho hupunguza volti tu. Hezi hakizigusi. Zinaingia 50, zinatoka 50.

Chukua mfano wa saa ya mezani ya aina ile ya zamani ambayo mota yake hufuata mapigo ya stima. Imetengenezwa ikijua kwamba mapigo 60 ni sekunde moja. Ukiichomeka hapa itapata mapigo 50, nayo itangoja kumi zaidi kabla ya kukubali kwamba sekunde imepita. Kila saa moja itachelewa kwa dakika kumi. Ukiirekebisha leo saa sita mchana, kesho saa sita mchana itakuambia kwamba bado ni saa mbili asubuhi.

Mashine nyingi za zamani za kupigia santuri ziliugua ugonjwa uo huo. Santuri ndogo ya benga ilitakiwa kuzunguka mara 45 kwa dakika. Kwenye mashine ya Marekani iliyochomekwa kwenye stima yetu ilizunguka mara 37 na nusu, na gitaa likalia kama linalotoka matangani.

Si Marekani peke yake. Wakenya wengi wameenda kufanya kazi Saudi Arabia, na huko pia stima ni ya hezi 60, ingawa majirani wake kama vile Muungano wa Falme za Kiarabu, Qatar na Oman hutumia hezi 50 kama sisi. Hili huwahadaa watu kwa sababu volti za huko zinaweza kukaribiana na zetu, kwa hivyo friji au feni ikichomekwa hapa inaanza kufanya kazi vizuri tu. Lakini mota iliyoundiwa hezi 60 ikipewa 50 huzunguka polepole, na mara nyingi hupata joto kuliko ilivyokusudiwa. Feni haitapuliza ilivyopuliza Riyadh. Friji inaweza kuungua baada ya muda, na fundi wa mtaani ataambiwa ndiye aliyeiharibu. Kabla ya kulipia kontena, mwambie ndugu yako asome kile kibandiko. Kikisema 50/60 Hz, alete. Kikisema 60 Hz pekee, auze hukohuko. Chaja za simu na za kompyuta karibu zote huandikwa 50/60, hizo hazina neno.

Kila saa sita

Sasa tufike kwenye bahasha ya dawa. Pale juu pameandikwa 2x3, au 1x2, au 1x4. Nambari ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Hii nayo ni hesabu ya kujirudia, isipokuwa badala ya sekunde au dakika, tumechukua siku nzima ya saa 24. Kuibadilisha ni kugawanya 24. Mara mbili ni kila baada ya saa 12. Mara tatu ni kila baada ya saa nane. Mara nne ni kila baada ya saa sita.

Kwa wengi wetu, "mara tatu kwa siku" humaanisha chai, chakula cha mchana na chakula cha jioni. Tuseme ni saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni. Hesabu nafasi zilizopo: saa sita, saa sita, halafu saa kumi na mbili za usiku mzima bila dawa. Kuna dawa ambazo kweli hupangwa kufuata chakula, na hizo mwuza dawa atakueleza. Lakini kwa dawa kadhaa za kuua viini, nia ni kiwango cha dawa mwilini kisishuke sana. Mwili huiondoa dawa saa baada ya saa, na usiku ule mrefu huwapa viini nafasi ya kujikusanya upya. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku ni mpango unaogawa siku sawasawa, na kwa familia nyingi haumlazimishi mtu kuamka usiku.

Hata hivyo, upo mtego mwingine ambao ni wetu sisi wasemaji wa Kiswahili. Muuguzi anamwambia mgonjwa, "Meza kila saa sita." Yeye ana maana ya mara nne kwa siku. Lakini sikiliza vizuri maneno yenyewe. Nyanya aliyetoka kijijini anaweza kusikia kwamba kila ifikapo saa sita ameze dawa. Atameza kidonge kimoja adhuhuri na kungoja adhuhuri ya kesho, na kama ni mwangalifu sana ataongeza kingine saa sita usiku. Hana kosa lolote. Lugha imemruhusu kuelewa hivyo. Basi sema "kila baada ya saa sita", na bora zaidi, taja saa zenyewe: alfajiri saa kumi na mbili, mchana saa sita, jioni saa kumi na mbili, usiku saa sita. Ukipewa dawa dirishani, usiondoke hadi utajiwe saa hizo, hata kama foleni iliyo nyuma yako inaguna.

Dawa ya malaria inayojulikana kama AL ni mfano mzuri wa jinsi "mara mbili kwa siku" inavyoweza kuficha jambo. Hunywewa mara sita kwa siku tatu, na mtu akigawanya anapata mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Lakini ile ya pili huchukuliwa saa nane baada ya ile ya kwanza. Ukianza saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni. Kuanzia siku ya pili ndipo unafuata asubuhi na jioni.

Kuna pia mahali ambapo kugawanya kutakudanganya kabisa. Pakiti ya dawa ya maumivu ya paracetamol kwa watoto husema mtoto apewe kila baada ya saa nne hadi sita, isizidi mara nne kwa siku. Mzazi hodari wa hesabu atagawanya 24 kwa nne na kupata sita. Lakini pakiti imesema nne! Saa nne ndiyo nafasi fupi kabisa inayoruhusiwa kati ya dozi na dozi. Haimaanishi kwamba unaweza kuendelea kwa mwendo huo mchana na usiku. Dawa hii ni salama ikitumiwa ilivyoandikwa, na ikizidi huumiza ini. Na ukiwa unampa mtoto dawa nyingine ya mafua, isome pia, maana mara nyingi ndani yake mna paracetamol hiyohiyo, na hapo unahesabu mara mbili bila kujua.

Kosa baya kuliko yote ni la siku na wiki. Methotreksati ni dawa wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa baridi yabisi ya viungo, na kwa ugonjwa huo humezwa mara moja kwa wiki. Mara moja kwa wiki! Akili iliyozoea vidonge vya kila siku huona "mara moja" na kusimama hapo. Katika nchi mbalimbali kuna wagonjwa waliokufa kwa sababu waliimeza kila siku, mara saba ya walichopaswa. Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa hatua mpya kuhusu dawa hii, zikiwemo maonyo ya kumkumbusha mgonjwa kwenye pakiti yenyewe. Ikiwa nyumbani kwako kuna mtu anayeitumia, chagueni siku moja, kwa mfano Jumatatu, na iandikwe juu ya chupa kwa herufi kubwa.

Robo dakika

Nimeliacha la mtoto hadi sasa kwa kuwa ndilo linalohitaji utulivu.

Homa ya mapafu, au nimonia, ndiyo maradhi ya kuambukiza yanayoua watoto wengi zaidi duniani. Mwaka 2019 iliwaua watoto zaidi ya 740,000 walio chini ya miaka mitano, kulingana na Shirika la Afya Duniani. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya aina moja kuu ya viini vyake mwaka 2011, na hilo limesaidia sana. Lakini chanjo haizuii kila aina.

Mapema miaka ya 1980 daktari Frank Shann na wenzake walikuwa wakifanya kazi Goroka, katika nyanda za juu za Papua New Guinea. Shida waliyokuwa nayo inafahamika vyema kwetu: watoto wengi wenye kikohozi, wahudumu wachache, na kwenye zahanati hakuna eksirei. Nani apewe dawa na nani ni mafua tu? Walichogundua, na kuchapisha mwaka 1984, ni kwamba kuhesabu pumzi tu kulisaidia kuwatenga wenye nimonia. Kutokana na kazi za aina hiyo Shirika la Afya Duniani liliweka viwango vinavyotumika hadi leo katika zahanati zetu. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za kasi. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi miaka mitano, ni 40 au zaidi.

Ona kwamba hiyo 60 ya mtoto mchanga ni pumzi moja kila sekunde, hezi moja kamili ya yule Mjerumani. Na 40 ni pumzi moja kila sekunde moja na nusu. Hii hukusaidia kuonja kasi yenyewe hata kabla ya kuhesabu.

Sasa, kuhesabu dakika nzima huchosha. Mtoto anajigeuza, mama anahangaika. Hivyo watu huhesabu kwa robo dakika na kuzidisha kwa nne. Kwa mapigo ya moyo ya mtu mzima mwenye afya njia hiyo hutosha, maana moyo hupiga kwa mpangilio. Pumzi za mtoto hazina adabu hiyo. Huenda mbio, hutulia, na mtoto mchanga anaweza hata kusimama sekunde chache kisha akaendelea. Ukichukua robo dakika unaweza kuangukia kwenye mbio au kwenye utulivu.

Isitoshe, kuzidisha huzidisha kosa pia. Tuseme mtoto wa miezi 14 anapumua mara 38 kwa dakika. Kwa robo dakika hizo ni pumzi tisa na nusu. Hakuna anayehesabu nusu. Utaona tisa au utaona kumi. Ukiona tisa, utazidisha kwa nne na kupata 36, na utasema hajambo. Ukiona kumi, utapata 40, na utasema ana nimonia. Mtoto ni yuleyule, kitanda ni kilekile! Ukihesabu dakika nzima na kukosea pumzi moja, umekosea moja tu, si nne.

Na sasa kumbuka bembea. Pumzi moja ni kifua kupanda na kushuka, kwenda na kurudi. Wapo wazazi, na si wajinga, ambao huhesabu kupanda kama moja na kushuka kama mbili. Mtoto aliye na pumzi 28 zilizo sawa kabisa hufika hospitalini akiwa na "56" na familia nzima ikilia. Chagua kupanda peke yake, na hesabu kupanda tu hadi mwisho.

Fanya hivi. Ngoja mtoto atulie, maana akilia au akinyonya hesabu haitakuwa na maana. Akiwa amelala ni bora zaidi. Pandisha fulana ili uone kifua na tumbo, na taa iwe ya kutosha. Weka simu yako ilie baada ya dakika moja, ili macho yako yabaki kwa mtoto badala ya kurukaruka kati yake na saa. Kama mko wawili, mmoja ashike saa na mwingine ahesabu. Homa kali pekee inaweza kupandisha pumzi, kwa hivyo hesabu tena baadaye. Na kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, ukipata 60 au zaidi, hesabu mara ya pili papo hapo. Wauguzi nao hufanya hivyo.

Ukivuka kiwango cha umri wake, mpeleke kliniki siku hiyohiyo, usingoje kuona kama kesho atakuwa nafuu. Lakini ikiwa sehemu ya chini ya kifua inadidimia ndani anapovuta pumzi, au anashindwa kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu, au amepatwa na degedege, au amelegea na haamki vizuri, acha kuhesabu kabisa. Nenda hospitali saa hiyo. Nambari ndogo isikutulize mbele ya dalili hizo, kwa sababu mtoto aliyechoka sana anaweza hata kupumua polepole.

Kabla ya kuondoka, ikiwa muda unaruhusu, chukua kikaratasi uandike umri wa mtoto, pumzi ulizohesabu, ulihesabu kwa muda gani, alikuwa katika hali gani na ilikuwa saa ngapi. Kwa mfano: miezi 14, pumzi 46 kwa dakika nzima, amelala, saa tatu usiku. Mhudumu wa kliniki atahesabu upya mwenyewe, na usikasirike akifanya hivyo. Kikaratasi chako kitamwonyesha kama pumzi zimepanda au zimeshuka tangu saa tatu, na hilo hawezi kulijua kwa kumtazama mtoto peke yake.